Ukubwa wa Kioo na Umbali wa Kiti: Mizani ya Sinema ya Nyumbani Taita Taveta

Chanzo cha mkanganyiko

Mtu wa Voi aliyedunduliza fedha zake mwaka mzima, au aliyepokea zamu yake ya chama, akaazimia kununua televisheni itakayoigeuza sebule yake kuwa sinema ndogo ya jamaa zake, hukutana na nasaha zinazokinzana kabla hajatoa hata shilingi moja. Muuzaji humwambia kwamba kioo kikubwa hakijutiwi. Jirani humwonya kwamba kioo hicho hicho, kikiwa karibu, kitawaharibia watoto macho. Fundi wa kufunga humwambia kwamba mita 3 ndiyo kaida, kioo kiwe cha namna yoyote. Na kijana wake aliyesoma majedwali ya ughaibuni humwambia azidishe hanamu ya kioo mara 1.2, ajongeze kiti, asisikilize la mtu. Kila mmoja wao ana chembe ya haki, na hapo ndipo shida ilipo, kwa kuwa kila kauli ilikuwa sahihi katika zama zake, kwa vyombo vyake na katika chumba chake, kisha ikahamishwa bila sharti zake hadi nyumba za Kaloleni, Mwakingali na Sikujua, na kutoka hapo ikapanda mlimani hadi Wundanyi na kuteremka hadi Taveta.

Kosa katika jambo hili si dogo. Sanduku lililosafiri juu ya basi kutoka Mombasa, au lililonunuliwa katika mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, halirudishwi kwa urahisi, na aliyekosea kipimo hukaa na kosa lake miaka saba au minane. Kwa hiyo inafaa kauli hizi zichambuliwe moja baada ya nyingine, zitazamwe zilikotoka, kisha zipimwe kwa vyumba vyetu kama vilivyo.

Kipimo chenyewe

Inchi zilizoandikwa sandukuni si upana wala si kimo: ni urefu wa hanamu, kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kioo cha inchi 43 cha umbo la siku hizi kina upana wa sentimita 95 na kimo cha takriban sentimita 53; cha inchi 55 kina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68; na cha inchi 65 kina upana wa sentimita 144 na kimo cha 81. Mwenye kutoka inchi 32 akaenda inchi 65 hakuongeza picha maradufu kama nambari zinavyodokeza, bali ameongeza eneo lake mara 4.

Televisheni za zamani zenye kisogo, zilizokuwa na umbo la 4 kwa 3, zilikuwa fupi kwa upana na ndefu kwa kimo. Aliyeiacha ya inchi 21 akanunua ya kisasa ya inchi 24 alidhani amepanda daraja, kumbe kimo cha picha yake kilishuka kutoka sentimita 32 hadi 30, na nyuso za wasomaji wa habari zikawa ndogo kuliko alivyozizoea. Wengi waliolalamika wakati ule kwamba televisheni mpya hazina picha walikuwa na hoja, ila hawakupata wa kuwaeleza sababu.

Kauli ya kwanza: kaeni mbali

Kauli hii ndiyo kongwe, nayo ina mizizi miwili ambayo watu huichanganya.

Mzizi wa kwanza ni hofu. Mwaka 1967 nchini Marekani kampuni ya General Electric iligundua kwamba televisheni zake za rangi kadhaa, zikihesabiwa kwa makumi ya maelfu, zilikuwa zikivujisha miali ya eksirei kupita kiasi, ikalazimika kuzirekebisha, na watu wakaambiwa wakae mbali. Miali hiyo ilitokana na umeme mkali uliokuwa ukiisukuma elektroni ndani ya chupa ya kioo. Televisheni bapa za leo hazina chupa hiyo wala umeme wa nguvu hizo, kwa hiyo sababu ya hofu imeondoka ilhali hofu imebaki. Kinachobaki mintarafu ya macho ni uchovu, kwa kuwa mtu anayekodolea kioo hupunguza kupepesa kope na macho yake hukauka, na dawa yake ni kupumzisha macho mara kwa mara kwa kutazama mbali. Lakini kuna jambo moja ambalo mzazi hapaswi kulipuuza: mtoto anayekijongelea kioo kila mara, hata akiketishwa nyuma hurudi mbele, huenda haoni vyema vitu vya mbali. Kioo hakikumdhuru, kimemfichua. Huyo asigombezwe, apelekwe akapimwe macho.

Mzizi wa pili ni hesabu, nao una heshima zaidi. Bernard Lechner, mhandisi wa maabara za RCA nchini Marekani, aliona kwamba watu majumbani hukaa kiasi cha futi 9 kutoka kwenye televisheni, wawe na kubwa au ndogo, kwa sababu kinachoamua umbali ni mpangilio wa samani na wala si kioo. Na mwenzake wa maabara za Philips huko Uingereza, Richard Jackson, akapata mita 3. Kenya ilipoanza matangazo ya televisheni mwaka 1962, picha ilikuwa ya mistari 625, na iliyoonekana ni 576. Kwa picha ya mistari kiasi hicho, mtu mwenye macho mazima huacha kuitambua mistari mmoja mmoja akiwa mbali kwa mara 6 ya kimo cha picha. Kimo cha ile televisheni ya inchi 21 kilikuwa sentimita 32, na mara 6 yake haifiki mita 2. Kwa hiyo mzee aliyekaa mita 2 au 3 mbele ya televisheni yake hakuwa akipoteza kitu chochote, na kaida yake ilikuwa kaida njema.

Udhaifu wa kauli hii ni kwamba umbali umeganda ilhali picha imebadilika. Aliyekaa mita 3 na nusu mbele ya kioo cha inchi 43 amenunua utajiri wa picha asioweza kuuona, kama tutakavyobainisha.

Kauli ya pili: pembe ya sinema

Watu wa sinema hawakuuliza mtu yuko mbali kiasi gani; waliuliza picha inajaza sehemu gani ya upeo wa macho yake. Chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SMPTE, kilishika digrii 30 kuwa kiasi cha chini kinachofaa. Na THX, taasisi iliyozaliwa mwaka 1983 katika kampuni ya George Lucas, ikapendekeza kiti bora kiwe kwenye digrii 40. Kwa lugha ya fundi, digrii 30 ni kukaa mbali kwa mara 1.6 ya hanamu ya kioo, na digrii 40 ni mara 1.2.

Msomaji asiye na kipima pembe anacho mkononi mwake. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi, ufumbe jicho moja: upana wa ngumi yako, kwa mtu mzima wa umbo lolote, hukaribia digrii 10, kwa sababu mwenye mkono mrefu aghalabu ana ngumi kubwa. Kaa kitini ulikozoea, pima televisheni yako kutoka ukingo hadi ukingo. Ikijaza ngumi 3, umefika kiasi cha SMPTE. Ikijaza 4, uko mahali pa THX. Na ikifunikwa yote na ngumi moja na nusu, basi hiyo ni picha ya kutazama habari, na anayetaka sinema hana budi kuongeza kioo au kujongeza kiti.

Nguvu ya kauli hii ni kwamba inafuata umbo la mwanadamu, na haijali kioo ni cha mwaka gani. Udhaifu wake ni kwamba ilitungwa kwa ukumbi wa giza, watazamaji wakielekea upande mmoja, na picha iliyopigwa kwa ubora wa hali ya juu. Filamu ya jangwa au mchezo wa kandanda hufaidi upana huo. Lakini taarifa ya habari, ambayo ni uso wa mtu mmoja na maandishi yanayopita chini, haiongezeki maana kwa kujaza ngumi 4. Na picha dhaifu ikinyooshwa hadi digrii 40 hufichua kila kasoro yake.

Kauli ya tatu: ukali wa jicho

Kauli ya mwisho ni ya wapimaji wa macho. Jicho zima la mwanadamu hupambanua vitu viwili vilivyotengana kwa sehemu 1 ya 60 ya digrii. Vikikaribiana zaidi ya hapo, huonekana kimoja. Kutokana na kaida hiyo, picha ya HD kamili yenye mistari 1080 hutoa siri zake zote kwa aliyekaa mara 3 ya kimo cha kioo hivi, na huo ndio umbali ambao shirika la utangazaji la Japani, NHK, liliujengea picha yake mpya. Picha ya 4K, yenye mistari 2160, humtaka mtu akae mara 1 na nusu tu ya kimo. Kwa kioo cha inchi 55, hiyo ni mita 2.1 kwa HD kamili, na mita 1.1 kwa 4K.

Mita 1.1! Ni nani katika kaunti hii anayekaa mita 1.1 mbele ya kioo cha inchi 55, huku wageni wake wamejazana nyuma yake? Kauli hii, kwa hiyo, ina nguvu ya kukanusha kuliko ya kuamuru. Inatuambia ni lini tunalipia kitu tusichokiona, lakini haituambii tukae wapi ili tufurahi. Tena imejengwa juu ya macho mazima ya kijana. Nyumba yenye bibi wa miaka 70 ina sharti nyingine, kwani yeye hatafuti chembe za picha, anatafuta nambari za mabao katika pembe ya juu ya kioo, na kwake kioo kikubwa ni rehema hata kama picha ni ya kawaida.

Chumba cha futi 10 kwa 10

Sasa tuingie katika chumba chenyewe, kile cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kinachojulikana na kila mkaazi wa Voi. Kutoka ukuta hadi ukuta ni sentimita 305. Kochi limesukumwa hadi ukutani, na kichwa cha aliyeketi kiko sentimita 50 mbele ya ukuta huo. Upande wa pili televisheni imesimama juu ya stendi, kioo chake kikiwa sentimita 30 kutoka ukutani. Kilichobaki kati ya jicho na kioo ni sentimita 225, yaani, kwa vipimo vya wahenga wetu, pima moja na dhiraa moja kasoro kidogo.

Kwa umbali huo, digrii 30 zinajazwa na kioo cha inchi 55 karibu sawasawa, na kwa kioo hicho jicho hufaidi HD kamili yote, lakini kile ambacho 4K huzidisha halikioni ila kwa kiasi kidogo sana. Kumbe chumba kidogo kilichodharauliwa ndicho kinachofaa sinema kuliko sebule pana, na sivyo muuzaji anavyodhani.

Lakini picha yenyewe yatoka wapi? Hapa ndipo majedwali ya ughaibuni yanapotutupa. Tangu matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015, ving'amuzi vimeondoa chenga tulizozizoea. Mawimbi dhaifu siku hizi hayaleti ukungu bali hukata picha vipande vya mraba au kuizima kabisa, kama wajuavyo wanaoishi nyuma ya vilima, mnara usipowaona. Hata hivyo vituo vya bure aghalabu hurusha picha ya ubora wa kawaida, ile ile mistari 576 ya enzi ya kisogo, tena imebanwa ili vituo vingi vipite katika wimbi moja. Ukikaa sentimita 225 na kutazama mistari 576, kioo kisichofichua mistari hiyo ni cha inchi 30. Televisheni ya inchi 32 iliyotapakaa katika vyumba vyetu, ambayo watu huionea haya, imelingana na chumba na matangazo kwa usahihi ambao mhandisi asingeuboresha. Na aliyeweka inchi 55 mahali pale pale, akitazama vituo vile vile, anaona ukungu, akadhani televisheni ni mbovu, akaita fundi, na fundi asione kasoro kwa kuwa hamna.

Picha bora huja kwa njia mbili: king'amuzi cha kulipia chenye chaneli za HD, au intaneti. Ya intaneti ina gharama yake: filamu ya 4K hula hadi gigabaiti 7 kwa saa moja, na ya HD hula takriban 3. Mwenye kununua bando kwa siku hawezi kuilisha 4K hata kama televisheni yake ina nembo hiyo usoni.

Sebule iliyo baraza

Tuondoke mjini, twende kwenye nyumba aliyoijenga mstaafu huko Mwatate au Bura, sebule yake ina urefu wa futi 15. Kwa mpangilio ule ule, jicho liko sentimita 377 kutoka kwenye kioo. Televisheni ni ya inchi 43, mpya, ya 4K. Kwa umbali huo picha inajaza digrii 14 tu, ngumi moja na nusu. Na kwa kuwa mistari 576 juu ya kioo hicho huungana machoni mtu akipita mita 3.2, mwenye nyumba hii, kwa fedha zote alizotoa, haoni chembe moja zaidi ya picha ya mwaka 1962. Hiki ndicho kisa kinachonisikitisha kuliko vyote, kwa maana ni kosa la mtu mwangalifu aliyeuliza ubora, akalipia ubora, na ubora ukapotea hewani katikati ya sebule.

Nambari zitamwambia anunue inchi 90. Hilo ni shauri la matajiri. Shauri jepesi ni kulivuta kochi kutoka ukutani, lakini tusilitaje kana kwamba halina gharama. Sebule zetu zimepangwa makochi ukutani pande tatu, zulia na meza katikati, kwa sababu sebule ni baraza: ndimo wanamopokelewa wakwe, ndimo inamofanyika ibada ya jumuiya, ndimo wanamoketi waliokuja kutoa rambirambi. Kochi lililovutwa katikati humgeuzia mgeni kisogo. Zaidi ya hayo, katika mpangilio huo wa pande tatu, aliyeketi kochi la ubavuni hutazama kioo kwa mshazari, na vioo vya aina fulani hufifia rangi vikitazamwa hivyo, kwa hiyo kiti kimoja hupata sinema na viti vinne vikapata kivuli chake. Mwenye sebule ya namna hii anunue kioo ambacho muuzaji yuko tayari kumwonyesha kutoka ubavuni, dukani, kikiwa kimewashwa. Na awe na viti viwili vyepesi vya kusogezwa mbele usiku wa filamu na kurudishwa ukutani asubuhi.

Jua, kimo na umeme

Voi ni mji wa jua na madirisha wazi, na mechi nyingi za Uingereza huchezwa jioni ya kwetu, jua linapolala kuelekea magharibi na kupenya dirishani. Kioo kinachoelekea dirisha hugeuka kioo cha kujitazamia; kilichowekwa mbele ya dirisha humtia mtazamaji mwanga machoni. Kiwekwe ubavuni mwa dirisha, na pazia zito lithaminiwe kuliko inchi 5 za ziada. Kwa sababu hiyo hiyo projekta, ambayo kwa bei ya televisheni ya kadiri humpa mtu picha ya inchi 100, si ya sebule ya Voi mchana: weusi wa picha yake hauwezi kuwa mweusi kuliko ukuta unaoangazwa na jua, na katika chumba cha futi 10 picha ya upana wa mita 2.2 iko karibu mno na kiti. Wundanyi, penye ukungu na jioni za mapema, ina bahati zaidi kwa chombo hicho.

Kisha kimo. Desturi ya kutundika televisheni karibu na dari imetoka hotelini na katika vibanda vya mpira, ambako wa nyuma hawana budi kuona juu ya vichwa vya wa mbele. Nyumbani haja hiyo haipo. Jicho la aliyeketi liko kiasi cha sentimita 105 kutoka sakafuni. Katikati ya kioo kukiwa sentimita 180, kwa aliyekaa sentimita 225 shingo hupinda digrii 18 kwa muda wote wa filamu. Mwenye watoto watundu na apandishe, lakini kidogo.

Umeme nao huhesabiwa, hasa kwa wanaotumia sola: kioo cha inchi 55 kinaweza kula maradufu ya cha inchi 32 na zaidi. Na kioo cha ukubwa wowote kifungwe na kinga ya volti.

Mizani

Tukizitia kauli hizi mizanini, naona kauli ya pembe ndiyo ya kuongoza, ile ya ukali wa jicho iwe ya kuizuia isipotoke, na ile kongwe ya kukaa mbali ihifadhiwe kwa wenye kutazama vituo vya bure peke yake. Mpangilio wa kuamua, kwa hiyo, uanze na kiti na wala si duka: pima kutoka mahali jicho litakapokuwa, baada ya kuamua kama kochi litasogea, kisha uliza wiki nzima nyumba yako hutazama nini, ndipo utaje inchi.

Kwa chumba cha futi 10 kinachotazama zaidi vituo vya bure, inchi 32 zatosha, na 43 ni kwa ajili ya macho ya wazee na maandishi madogo, ukungu kidogo ukikubaliwa kuwa bei yake. Chumba hicho hicho kikiwa na king'amuzi cha HD, inchi 50 hadi 55 ni sinema kamili, na HD kamili yatosha kokote ingali ikipatikana. Ya 4K inunuliwe ikiwa bei ni moja, au ikiwa hakuna nyingine, kwani katika ukubwa huo madukani aghalabu ndivyo ilivyo. Kwa sebule ya futi 15, inchi 43 zisinunuliwe kwa ajili ya filamu asilani: ama inchi 65 na makochi yabaki ukutani, picha ikijaza ngumi 2 na ziada, ama inchi 55 na viti viwili visogezwe hadi mita 2.2, ngumi 3 zikatimia. Kati ya hayo mawili nachagua la pili, kwa sababu tofauti ya bei inanunua pazia la dirisha la magharibi, kinga ya volti, na miezi kadhaa ya king'amuzi cha HD, na bila vitu hivyo hata inchi 65 hazina cha kuonyesha.